Gari la Marehemu Uani: Tulifufue, Tuliuze, au Tuliache Lioze?



Suala la juma hili latoka kwa mama mmoja mjane. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki akaacha uani gari la kale la mbio, Datsun 240Z, ambalo halijawaka kwa miaka mingi. Kijana wake mkubwa ataka kulifufua papo hapo nyumbani, kwa mikono yake na ya rafiki zake. Kijana wa pili amekwisha kupata mnunuzi, na ataka liuzwe kabla ya masika. Binti wa mwisho, ambaye bado yumo shuleni, hasemi kitu, ila mara kwa mara hukutwa amekaa kwenye kiti alichokuwa akikaa babake. Mama atwambia kwamba kila mmoja amtaka amuunge mkono, naye achelea gari hilo lisije likamgawia watoto.

Kwa juu juu suala hili ni la vyuma na rangi. Ukilichunguza, lina masuala matatu ndani yake: gari ni la nani, lina hali gani, na nani atakayebeba mzigo wake. Atakayeanza na la pili kabla ya la kwanza hujikuta ametengeneza gari na kuvunja nyumba.

Gari gani hili?

Kabla ya yote, mama ajue alichonacho. Datsun 240Z ilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 1969. Ni gari la watu wawili, lenye boneti ndefu na injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ya ukubwa unaokaribia lita 2.4, inayolishwa petroli na kabureta mbili. Kwa watu wa Afrika Mashariki jina lake si geni. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya gari la aina hii, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda pamoja na Lofty Drews kwa gari la aina hiyo hiyo. Lile la mwaka 1971 lilirudishwa Japani, na kampuni yake imelihifadhi hadi leo. Na asidhani mtu kwamba mashindano yale yalikuwa ya wanaume peke yao. Mwaka 1961 Anne Hall na Lucille Cardwell walimaliza wa tatu.

Tena sheria ya Kenya huzuia kuingizwa nchini magari yaliyotumika yanapozidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo magari ya kale yaliyomo nchini ni hayo hayo yaliyosalia, na kila mwaka baadhi yake hukatwa na kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Mnunuzi anayekuja mbio na fedha mkononi huenda akawa anajua jambo ambalo mwenye mali halijui. Lakini tusimtie mama tamaa ya bure: umaarufu wa aina ya gari hauwi thamani ya gari lako. Gari lililooza sakafu na kupotelewa na vipande vyake ni jambo moja, na lililokamilika ni jambo jingine. Ndiyo sababu ya kuwataka mafundi wawili wasiojuana, wala wasio na nia ya kulinunua, wakadirie thamani yake kama lilivyo leo, na kila mmoja aandike.

Ni la nani?

Hapa ndipo fitina huzaliwa. Gari la marehemu si la mama, si la kijana mkubwa, wala si la yule aliyekuwa akilipenda sana. Ni tarika. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi moja, na kinachobaki ndicho cha warithi kwa mafungu yao.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke, wavulana wawili na binti mmoja, na wazazi wake wametangulia. Mke ana thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, mvulana mafungu mawili na msichana fungu moja. Gari likikadiriwa kuwa la shilingi 800,000, mama ana shilingi 100,000, kila kijana ana shilingi 280,000, na binti ana shilingi 140,000. Hesabu hiyo ni ya mfano tu, lakini yaonyesha wazi kwamba kijana anayeshika spana leo anashika mali ambayo sehemu yake haifiki hata nusu.

Basi akitaka kulifufua liwe lake, njia iliyo safi ni kuwanunua wenziwe. Kwa mfano wetu, atawapa shilingi 520,000: za mama 100,000, za nduguye 280,000, na za dadake 140,000. Bei iwe ya gari kama lilivyo kabla ya kuguswa, ili kazi yake isije ikahesabiwa mara mbili wala isihesabiwe kabisa. Wakipenda kubaki washirika, na waandike: nani ametoa nini, saa za kazi za kijana zina thamani gani, gari likiuzwa faida itagawanywaje, na hasara itabebwa na nani. Karatasi moja iliyotiwa saini na watu wazima, mbele ya mashahidi, huzuia kelele za miaka kumi. Kuandikiana si kutoaminiana. Ndivyo dini yetu ilivyotufunza katika madeni na mapatano.

Kuhusu binti, twasema kwa mkazo. Yeye bado mdogo, na mali yake ni mali ya yatima. Kimya cha mtoto si idhini. Fungu lake lisichomolewe hata shilingi moja kununulia kabureta, wala asiambiwe kwamba atalipwa gari likitengenea. Iwapo fedha za kumlipa hazipo, basi fedha za kulitengeneza gari hazipo.

Kisheria pia, gari haliwezi kuhamishwa jina kwa maneno ya sebuleni. Kwanza yatakiwa hati ya usimamizi wa mirathi. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 170, imezipa Mahakama za Kadhi uwezo wa kuhukumu mambo ya mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wameridhia kwenda huko. Mama na aulizie huko kabla ya kupokea hata arbuni ya mnunuzi. Na ikiwa eda yake ya miezi minne na siku kumi bado haijaisha, asikubali kusukumwa na mtu yeyote. Gari lililongoja miaka halitakufa kwa kungoja wiki chache.

Lina hali gani?

Sisi watu wa pwani twajua alichofanya nahodha kila msimu. Chombo kilipandishwa ufukweni maji yakitoka, kikakalafatiwa na kupigwa deheni kabla hakijarudi majini, kwani bahari haina huruma na kilichoachwa. Hewa yetu ni bahari nyingine isiyoonekana. Chuma huliwa na kutu kwa kukutana na maji na hewa, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Gari lililosimama mtaa wa pwani huoza hata kama halijaguswa na mvua.

Datsun 240Z ina udhaifu wake maalumu. Haina chesisi inayoachana na bodi. Sakafu, kuta na reli za chini zimeunganishwa na kuwa mwili mmoja uliobeba mzigo wote. Kwa hiyo sakafu iliyooza si kasoro ya sura, ni mguu uliovunjika. Mtaka cha mvunguni sharuti ainame. Ondoeni mazulia yote, angalieni sakafu kwa chini na kwa juu. Tazameni chini ya betri, ambako asidi hudondoka. Chini ya milango. Mahali pa tairi la akiba. Kandokando ya kioo cha nyuma. Na zile reli mbili zinazopita chini ya miguu ya dereva na abiria. Gusageni kwa ncha ya bisibisi. Chuma kizima hulia; kilichooza huingia kama biskuti.

Kisha chukueni sumaku ndogo, ifungeni kitambaa laini, mpite nayo juu ya rangi. Sumaku hushika chuma, haishiki fila. Mahali inapoteleza, jueni kwamba pana shimo lililofunikwa zamani. Kwa nusu saa na sumaku ya bei ndogo mtajua zaidi kuliko maneno ya siku nzima ya mnunuzi.

Wakati mnashauriana, liokoeni gari kwanza, kwani hilo halihitaji mapatano ya mirathi. Lioshwe kwa maji matamu kutoa chumvi, likauke vizuri. Liwekwe chini ya paa, na lifunikwe kwa kitambaa kinachopumua. Turubai la nailoni hufungia unyevu ndani na kulipika gari. Liwashwe? Hasha. Asiwepo wa kuweka betri mpya na kujaribu. Injini iliyolala miaka mingi huenda pistoni zake zimegandamana na kuta za silinda, na kuilazimisha ni kuivunja.

Kazi yenyewe

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Warithi wakikubaliana lifufuliwe, kazi ina mpango wake, na anayeuruka hulipa mara mbili.

La kwanza ni picha na vifurushi. Kila kipande kipigwe picha kabla ya kufunguliwa, na skrubu zake zitiwe kwenye mfuko wenye jina. Magari mengi ya kale hayafi kwa kutu. Hufa kwa kufunguliwa yote kwa juma moja la hamasa, kisha vipande vikasahaulika ndani ya maboksi.

La pili ni mwili. Chuma kilichooza hukatwa mpaka kufikia kizima, na kipande kipya huchomelewa mahali pake na fundi anayejua. Kutu nyepesi husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, hupakwa dawa ya asidi ya fosfori, kisha rangi ya chini ya kuzuia kutu. Kwa hewa yetu, chuma kilichosuguliwa kisilale usiku mmoja bila kupakwa. Asubuhi mtakikuta kimeanza kuwa chekundu.

La tatu ni breki, kabla ya injini. Gari hili lina diski mbele na ngoma nyuma. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na baada ya miaka mingi huozesha pistoni na mipira ya ndani. Yote hubadilishwa, pamoja na mabomba ya mpira. Tairi za zamani nazo zitupwe hata kama bado zina meno, kwani mpira huzeeka na kupasuka kwa umri. Gari lisilosimama lisipewe uwezo wa kwenda.

La nne ni injini. Petroli ya zamani itolewe yote. Ilikwisha kuwa gundi. Plagi zifunguliwe, mafuta kidogo yatiwe katika kila silinda, yaachwe siku kadhaa, kisha injini izungushwe polepole kwa spana, kwa mkono. Ikizunguka, alhamdulillahi, isipozunguka, aitwe fundi. Baada ya hapo kabureta zote mbili zifunguliwe na kusafishwa, rejeta isafishwe, na mafuta ya injini yabadilishwe. Ndipo nyaya za umeme zikaguliwe, kwani ngozi za nyaya za zamani hukatika na kuleta moto.

Rangi na viti ni vya mwisho. Kijana hupenda kuanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana, lakini rangi juu ya kutu ni hina juu ya kidonda.

Vipuri vyapatikana, kwa kuwa magari mengi ya aina hii yaliuzwa Marekani, na huko wapo wanaoendelea kuvitengeneza. Gharama si bei ya kipuri peke yake. Kuna usafirishaji na kuna ushuru. Andikeni bajeti kwa mafungu hayo matano, kila fungu na fedha zake, na lisianzwe fungu la pili kabla ya la kwanza kwisha. Tengeni pia akiba ya yasiyotazamiwa, kwani hayakosi. Na fedha ziwe zile zilizobaki baada ya karo, chakula na dawa. Gari la anasa halihalalishi mkopo wa riba, wala halimtangulii mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kutumia pasipo mpaka ni israfu, hata kama kinachotengenezwa ni cha halali.

Usalama na sitara ya nyumba

Uani ni mahali pa watoto. Asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia, na vyuma imara vya kuegemezea ndivyo vya kufanyia kazi. Tangi la petroli, hata likiwa tupu, mvuke wake hulipuka. Lisichomelewe nyumbani kamwe. Viatu vya breki vya zamani huenda vina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lisipulizwe wala kufagiwa kavu, bali lilowanishwe na kufutwa. Rangi za zamani huenda zina risasi, basi watoto na mama wajawazito wawe mbali wakati wa kupiga msasa. Maji ya rejeta yana ladha tamu na ni sumu. Yasiachwe katika kopo. Mafuta machafu yasimwagwe ardhini, hasa penye kisima.

Kuna na sitara. Vijana watano wa mtaani wakishinda uani, wenye nyumba hunyimwa uhuru wa kuanika nguo na kupumzika. Ziwekwe siku na saa za kazi, wageni wapige hodi na kupita njia moja, na adhana ikilia spana ziwekwe chini. Mama ana haki ya kuyataka hayo bila kuonekana mkali. Uani ni wake kabla haujawa gereji.

Na kwa nini binti akae pembeni? Kushona viti ni kazi ya cherehani na mkono uliotulia. Kuweka daftari la vipande na hesabu ni kazi ya kichwa. Kama anapenda kukaa katika kiti cha babake, huenda hatafuti gari. Atafuta mahali pa kumkumbuka. Apewe kazi katika kiti hicho.

Jibu letu

Mama yetu mpendwa, usimuunge mkono kijana yeyote kabla hujaiunga mkono haki. Maliza eda kwa utulivu. Lifunike gari. Lete mafundi wawili wakadirie. Nenda kwa kadhi ujue mafungu. Kisha waite watoto wote watatu wakae pamoja, pamoja na mzee mmoja wa ukoo mnayemwamini, na mwambie kijana mkubwa mbele yao: ukiweza kuwalipa wenzio fedha zao taslimu kabla ya masika, gari ni lako na dua zangu unazo. Usipoweza, litauzwa kwa bei ya haki, na kila mmoja atachukua fungu lake. Mwisho wa muda uwe tarehe, usiwe ahadi. Kuliacha lioze kwa sababu hamkuelewana ni shauri baya kuliko yote mawili, maana hapo wote watakuwa wamepoteza, na mwenye kupoteza zaidi ni yatima.

Likiuzwa, liuzwe na aibu zake wazi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni kwenye fungu la nafaka, akatia mkono ndani na kukuta unyevu uliofichwa chini ya kilicho kikavu, naye akamkemea vikali muuzaji. Fila iliyopakwa juu ya shimo la kutu ni unyevu ule ule. Mwonyesheni mnunuzi sakafu, mpeni sumaku apite mwenyewe. Bei itapungua, baraka itaongezeka.

Likifufuliwa, likumbukwe kuwa ni chombo cha kupanda, wala si kaburi la baba. Marehemu hafikiwi na mlio wa injini. Hufikiwa na dua ya watoto wema, sadaka inayoendelea na elimu yenye manufaa. Vijana wakifanya kazi ile kwa kupendana, na mtaani wakapatikana wengine wawili watatu waliojifunza kuchomelea na kufunga breki kwa amana, hapo twatumai marehemu ana fungu lake katika kheri hiyo.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, awaunganishe wanawe, na ampe mama subira na uamuzi ulio mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.